Dado Hutupwa, Akili Hupanga: Mchezo wa Bakigamoni Mkahawani na Mashindanoni

Wahenga walinena kwamba jitihada haiondoi kudura. Walinena pia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Semi hizi mbili zaonekana kuvutana, ilhali kila mtu mzima amekwisha kuziona zote zikitimia: mkulima aliyepalilia vyema akanyimwa mvua, na jirani yake aliyekaa kitako akakosa mavuno hata mwaka ambao mvua ilinyesha tele. Upo mchezo wa zamani sana ambao umezikutanisha semi hizo juu ya ubao mmoja. Waingereza huuita bakigamoni, Waturuki huuita tavla, Wagiriki tavli, Waarabu tawla, nao Waajemi huuita nard.

Mchezo huu unachezwa kwa kete na kwa dado. Kete huhitaji akili kama zinavyohitaji kete za bao. Dado hazimwogopi mtu, wala hazimjui mwenye akili na asiye nayo. Kwa sababu hiyo watu wamebishana kwa karne nyingi kama mchezo huu ni elimu au ni kamari tu. Ubishi huo umefika hata mahakamani, na jawabu lake lina manufaa kwa yeyote mwenye nyumba, mwenye watoto na mwenye jioni za kupumzika.

UBAO NA KETE

Mtu aliyezoea bao, omweso au igisoro atauelewa ubao huu bila taabu. Una pembe ndefu 24 zilizochorwa kwa rangi mbili, 12 upande huu na 12 upande ule, na katikati umepita mwamba unaougawa kushoto na kulia. Kila mchezaji ana kete 15. Kete hizo hazianzi pamoja. Mbili huwekwa mbali kabisa, ndani ya nyumba ya adui. Tano huwekwa kwenye ukingo wa mbali wa ubao. Tatu hukaa karibu na nyumbani, na tano nyingine hukaa kwenye mlango wa nyumbani penyewe.

Wachezaji wawili huzisafirisha kete zao kwa njia moja, lakini wakielekea pande zilizo kinyume, kama watu wawili wanaopishana barabarani. Kila mmoja hurusha dado mbili kwa zamu yake, akazisogeza kete kwa hesabu iliyotokea. Dado zikilingana, mathalani nne na nne, hesabu hiyo huchezwa mara nne badala ya mara mbili. Anayezileta kete zake zote nyumbani, kisha akazitoa zote nje ya ubao kabla ya mwenziwe, ndiye mshindi. Ikiwa aliyeshindwa hajatoa hata kete moja, ushindi huhesabiwa maradufu. Na ikiwa bado ana kete mwambani au ndani ya nyumba ya mshindi, ushindi huhesabiwa mara tatu.

Utamu wa mchezo umo katika kupishana huko. Pembe yenye kete mbili au zaidi za mtu mmoja ni ngome, na adui haruhusiwi kutua hapo. Bali kete iliyobaki peke yake haina kinga. Adui akiifikia, huila, na kete hiyo huwekwa juu ya mwamba, ikalazimika kuanza safari upya kutoka mwanzo. Mwenye kete mwambani hana ruhusa ya kusogeza kete nyingine yoyote mpaka ile iingie kwanza. Aliyekuwa akiongoza kwa mbali aweza kujikuta anatazama tu, huku mwenziwe akijenga ngome sita mfululizo mbele yake, ukuta usiopitika kwa dado yoyote.

MKAHAWANI

Katika miji ya Uturuki, Misri, Lebanoni, Ugiriki na Irani, mchezo huu haukungoja klabu wala vikombe vya ushindi. Ulikaa mikahawani, kando ya kahawa na chai, kama vile bao linavyokaa chini ya mwembe na barazani. Huko kurusha dado ni jambo la haraka. Mkono hauchelewi, na kete hugongwa juu ya ubao kwa mlio ambao wapita njia huusikia. Waturuki, ingawa wana hesabu katika lugha yao, hutaja dado kwa hesabu ya Kiajemi, dalili ya njia ambayo mchezo ulipitia kuwafikia. Na mchezaji aliyeshindwa vibaya huambiwa na mshindi wake auweke ubao kwapani aende nyumbani akajifunze.

Wagiriki hawaridhiki na namna moja ya kucheza. Wakikaa kwenye tavli huchanganya michezo mitatu kwa zamu. Mmoja ni huu uliokwisha kuelezwa, wa pili ni ule ambao kete ya adui hailiwi bali hukaliwa juu isiweze kuondoka, na wa tatu ni wa kukimbizana bila kulana. Waarabu nao wana mchezo wa kukalia kete, wauitao mahbusa, yaani uliofungwa. Hivyo ubao mmoja hutosha kwa jioni nzima bila ya kuchosha.

Mkahawani faida kubwa si ushindi bali mazungumzo. Mzee na kijana huketi sawa, na katika muda wa mchezo huo umri haumpi mtu dado bora. Mgeni asiyejua lugha ya mji aweza kuketi na kucheza na mwenyeji mpaka jioni, kwa kuwa kete zinaeleweka bila mkalimani.

ASILI YAKE

Mbao za michezo ya mbio zimefukuliwa katika makaburi ya Uru, nchini Iraki, zenye umri wa miaka 4,500 hivi. Michezo hiyo haikuwa bakigamoni yenyewe, bali ni ya ukoo wake. Waroma walikuwa na mchezo uitwao tabula, wenye pembe 24 na kete 15 kwa kila mtu, uliofanana sana na huu wa leo, isipokuwa walirusha dado tatu. Mshairi Agathias wa karne ya 6 aliandika juu ya Kaisari Zeno, aliyerusha dado mbaya mno hata akalazimika kuzivunja ngome zake zote na kuacha kete nane peke yake. Kaisari mwenye majeshi hakuweza kuamrisha dado tatu.

Waajemi nao wana hekaya yao. Wasema kwamba mfalme wa Hindi alimpelekea mfalme Khosrow mchezo wa sataranji, akimtaka autambue maana yake. Waziri mwenye hekima, Buzurgmihr, akaufumbua, kisha akabuni nard na kuupeleka Hindi kama jawabu. Katika hekaya hiyo ubao ni ardhi, kete 30 ni siku za mwezi, nyeusi zikiwa usiku na nyeupe zikiwa mchana, nayo mizunguko ya dado ni mizunguko ya mbingu. Sataranji huonyesha nguvu ya akili peke yake. Nard huonyesha akili ikiishi chini ya majaliwa. Hekaya si historia, lakini waliyoisimulia waliufahamu mchezo vizuri.

HESABU ILIYO NYUMA YA BAHATI

Mgeni wa mchezo huu hudhani kwamba mwenye kushinda ni yule aliyebarikiwa dado. Katika mchezo mmoja mara nyingi ni kweli. Lakini dado mbili zina njia 36 tu za kutua, na njia hizo huhesabika. Hapa ndipo mjuzi na mgeni huachana.

Tuseme mchezaji analazimika kuiacha kete moja bila kinga. Akiiacha hatua sita mbele ya kete ya adui, na njia ya katikati iwe wazi, adui ana njia 17 kati ya 36 za kuila: 11 ni zile zenye sita juu ya dado mojawapo, na nyingine sita hupatikana kwa kuunganisha, kama tano na moja, nne na mbili, tatu na tatu au mbili na mbili. Akiisogeza hatua moja tu, ikawa hatua saba mbele ya adui, njia za kuliwa hushuka kutoka 17 hadi sita. Hatua moja imepunguza hatari kwa karibu thuluthi mbili. Mgeni haoni tofauti ya sita na saba. Mjuzi huiona kabla ya kugusa kete.

Bila shaka kete iliyoachwa saba huliwa pia mara kwa mara, na iliyoachwa sita hupona. Siku hiyo mgeni humcheka mjuzi. Mjuzi hana la kujibu ila kucheza vivyo hivyo kesho na kesho kutwa, kwani hesabu hailipi deni lake siku ile ile, bali hulilipa kidogo kidogo.

MCHEMRABA WA KUZIDISHA

Katika miaka ya 1920, huko New York, mtu asiyejulikana jina alibuni kitu kilichougeuza mchezo huu wa kale. Ni mchemraba ulioandikwa 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Mchezaji akiona anaelekea kushinda, kabla ya kurusha dado zake aweza kumwekea mwenziwe mchemraba huo na kumwambia kwamba thamani ya mchezo iwe maradufu. Mwenziwe ana njia mbili. Aweza kukataa, akahesabiwa ameshindwa mara moja kwa thamani ya awali. Au aweza kukubali, mchezo ukaendelea kwa thamani mpya. Akikubali, mchemraba huwa mali yake, na ni yeye peke yake mwenye haki ya kuzidisha tena hapo baadaye.

Je, mtu akubali wakati gani? Hesabu yake ni nyepesi, ingawa moyo huikataa. Achukue hali ile ile mara nne. Akikataa mara zote nne, atapoteza alama nne. Akikubali mara zote, na katika mara nne akashinda moja tu, atapoteza mara tatu alama mbili mbili, yaani sita, na kupata mara moja alama mbili. Jumla amepoteza alama nne. Basi mwenye tumaini la kushinda mara moja katika nne hana hasara kwa kukubali. Mwenye tumaini dogo zaidi ya hapo na akataye.

Katika jambo hili wengi huangamia. Wako wanaokataa kila wanapotishwa, wakawapa wenzao ushindi wa bure. Wako pia, na hao ni wengi zaidi, wasioweza kuukataa mchemraba kwa sababu wameona haya kukiri kwamba mchezo umewaendea vibaya. Kwa hao Waswahili walikwisha kusema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Mtu aliyepoteza alama moja kwa hiari yake amebaki na nguvu za mchezo ujao. Mtu aliyekataa kupoteza moja huishia kupoteza nne au nane, kisha hulaumu dado.

KLABU NA MASHINDANO

Mashindano ya kimataifa kama yanavyojulikana leo yalipata mwanzo wake mwaka 1964, wakati Mwana wa Mfalme Alexis Obolensky, mzaliwa wa ukoo wa kitukufu wa Urusi aliyeishi Marekani, alipowakusanya wachezaji katika visiwa vya Bahama. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 mashindano ya ubingwa wa dunia yamefungamana na mji wa Monte Carlo, katika nchi ndogo ya Monako.

Mashindanoni hapachezwi mchezo mmoja mmoja. Wawili huketi mpaka mmoja wao afikishe idadi ya alama zilizotangazwa: tano, saba au 11, na katika fainali kubwa hufika hata 25. Sababu ni ile ile ya hesabu. Katika mchezo mmoja dado hutawala. Katika safari ndefu dado nzuri na mbaya hugawanyika, na tofauti ya akili hujitokeza. Aliyeshindwa mapema naye hafukuzwi, kwa kuwa aghalabu huwapo mashindano ya pili ya walioshindwa, ili mtu aliyesafiri kutoka mbali asirudi nyumbani baada ya saa moja ya dado mbaya.

Iko kanuni moja yenye jina la Mmarekani John R. Crawford. Mchezaji mmoja akibakiwa na alama moja tu ya kushinda pambano, mchezo unaofuata huchezwa bila mchemraba. Bila kanuni hiyo, aliye nyuma angezidisha thamani mara moja, kwa kuwa hana cha kupoteza, na juhudi yote ya aliyetangulia ingepunguzwa thamani. Baada ya mchezo huo mmoja mchemraba hurudi.

Zipo pia adabu ambazo klabu nzuri huzishika bila kuoneana haya. Dado hutikiswa ndani ya kikombe na kurushwa upande wa kulia wa mchezaji. Dado ikiegemea kete au ikitoka ubaoni, zote mbili hurushwa upya. Zamu haijaisha mpaka mchezaji aziokote dado zake, na mwenziwe haruhusiwi kurusha kabla ya hapo. Watazamaji hawasemi neno, hata wakiona kosa. Adabu hizi zaonekana ndogo, lakini ndizo zinazofanya watu wabishane na mchezo badala ya kubishana wao kwa wao.

Nje ya mikahawa, ambayo kwa desturi ilikuwa ya wanaume, mchezo huu haukubagua. Lee Genud, mwanamke wa Marekani, alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1981. Akiko Yazawa, mwanamke wa Japani, aliutwaa mwaka 2014, kisha akaurudia mwaka 2018, jambo ambalo wanaume wachache sana wameliweza.

MASHINE ILIYOBAHATIKA

Mwaka 1979, mjini Monte Carlo, Luigi Villa wa Italia alikuwa ametoka tu kutwaa ubingwa wa dunia. Alikubali kucheza pambano la alama saba na programu ya kompyuta iitwayo BKG 9.8, iliyotungwa na Hans Berliner wa Chuo Kikuu cha Carnegie-Mellon nchini Marekani. Kompyuta yenyewe ilikuwa Pittsburgh, na hesabu zake zilifika Monte Carlo kwa njia ya setilaiti. Dau lilikuwa dola 5,000. Mashine ilishinda kwa alama saba kwa moja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa programu ya kompyuta kumshinda bingwa wa dunia katika mchezo wa ubao wa namna hiyo.

Berliner angeweza kujisifu na kunyamaza. Badala yake aliichunguza kila hatua ya pambano lile, kisha akaandika waziwazi kwamba Villa alikuwa amecheza vizuri zaidi, na kwamba mashine ilipata dado bora. Bingwa alishindwa huku akiwa bora, na mtungaji wa mashine alikiri hivyo huku akiwa mshindi. Ni nadra kusikia mshindi akisema maneno kama hayo, iwe michezoni au kwingineko.

Mwaka 1992 Gerald Tesauro, wa kampuni ya IBM, alileta programu ya namna nyingine, TD-Gammon. Hiyo haikufundishwa mbinu za mabingwa. Ilianza kwa kusogeza kete ovyo, ikacheza na nafsi yake, ikijisahihisha kila mara, mpaka baada ya michezo 300,000 hivi ikawa na maarifa ya kushangaza. Na matoleo yaliyofuata yalikaribia kiwango cha mabingwa wenyewe. Yako mambo ambayo mabingwa waliyafuata kwa miaka mingi nayo ikayakataa. Kwa dado kadhaa za mwanzo, kama mbili na moja, wajuzi walizoea kuiacha kete peke yake karibu na nyumbani kwa kutumaini kuijengea ngome zamu ifuatayo. Mashine ilipendelea kuzitenganisha zile kete mbili zilizo mbali. Wajuzi walipopima, wengi wao walibadili desturi.

Siku hizi programu zenye nguvu kuliko hizo zimo hata ndani ya simu, nazo huweza kuipima kila hatua ya pambano na kuonyesha kosa lilipo. Basi mchezaji wa leo aliyeshindwa aweza kwenda nyumbani, akachunguza, akagundua kwamba hakukosea hata mahali pamoja pakubwa. Na aliyeshinda aweza kugundua kwamba aliokolewa tu. Wachezaji makini hujihukumu kwa uamuzi walioufanya, wala si kwa dado iliyofuata.

MBELE YA HAKIMU

Mwaka 1982, katika jimbo la Oregon, Marekani, mwandalizi wa mashindano ya bakigamoni alishtakiwa kwa kuendesha kamari. Swali lililomkabili hakimu lilikuwa lile la tangu zamani: je, dado zikiwepo, mchezo si wa bahati? Miongoni mwa walioitwa kutoa ushahidi alikuwapo Paul Magriel, mwanahisabati, mwandishi wa kitabu mashuhuri cha mwaka 1976 kuhusu mchezo huu, na bingwa wa dunia wa mwaka 1978. Baada ya kusikiliza, hakimu aliamua kwamba bakigamoni si mchezo wa kubahatisha bali ni wa ustadi, na mwandalizi akaachiwa.

Hukumu hiyo ilikuwa ya mahali pale na ya kesi ile. Kila nchi ina sheria zake. Tena haikusema kwamba mchezo huu hauwezi kugeuzwa kuwa kamari. Ustadi wa mchezaji haumzuii kuweka rehani mshahara wake. Mchemraba ule ule unaomfundisha mtu kupima nafasi yake, ukichezwa kwa fedha, hugeuza shilingi kumi kuwa ishirini, arobaini, themanini, kabla chai haijapoa. Na kwa kuwa dado humpa hata mchezaji dhaifu ushindi wa leo, humdanganya kwamba ni hodari. Katika sataranji au bao mtu dhaifu hushindwa kila siku mpaka akatambua. Katika bakigamoni aweza kuchukua mwezi mzima akipoteza polepole, huku kila mara akikumbuka ile jioni moja aliyoshinda.

Alama za kuwatambua waliofika hapo si ngeni kwa wenye nyumba. Baba husema amekwenda kupiga soga, lakini hurudi na hasira. Fedha ya karo hukopwa na kuahidiwa Jumamosi. Hadithi zake zote ni za dado zilizomwonea, wala hakuna hata moja ya kosa lake mwenyewe. Mchezo uliobuniwa kuwakutanisha watu umekwisha kuwatenga. Hapo dawa si kumnunia mtu wala kuuchoma ubao, bali ni kuiondoa fedha mezani na kuuleta mchezo nyumbani, mbele ya mama na watoto.

KUANZISHA KLABU NDOGO

Gharama yake si kubwa. Seremala aweza kuukata ubao wa mbao laini, na kijana wa shule akachora pembe 24 kwa rangi mbili. Kete 30 zaweza kuwa vizibo vya soda kama vile vya drafti, mmoja akachezea vilivyofunuliwa na mwingine vilivyofunikwa. Dado za ludo hutosha. Vikombe viwili vya bati au vya plastiki hukamilisha vyombo. Navyo visikosekane, kwa kuwa dado inayorushwa kwa kiganja huleta shaka.

Watu wanane ni mwanzo mzuri. Kila mmoja akicheza mara moja na kila mwenziwe, jumla yatakuwa mapambano 28. Zikipatikana mbao nne, yataisha kwa raundi saba, yaani majuma saba ikiwa watakutana kila Jumapili. Pambano liwe la alama tano, ili lisichukue zaidi ya saa moja. Matokeo yaandikwe katika daftari moja linalokaa kwa mtu mmoja mwaminifu. Zawadi iwe kitu cha heshima, kama jina la mshindi ubaoni, au haki ya kutohudumia chai juma lijalo. Mchango wa fedha usizidi bei ya chai hiyo. Na mchemraba utumike tangu mwanzo, kwa alama tu, kwani bila huo nusu ya mafunzo ya mchezo hupotea.

Watoto wa miaka saba au minane huweza kujifunza. Watajumlisha dado bila kuambiwa ni somo la hesabu, na wataanza wenyewe kuhesabu hatari ya sita na ya saba. Zaidi ya hayo, watajifunza jambo ambalo shule hulifundisha kwa shida: kwamba mtu aweza kufanya vizuri na bado akashindwa, na kwamba kushindwa huko si sababu ya kuacha kufanya vizuri. Mtoto anayemwona baba yake akishindwa kwa dado mbaya, kisha akazipanga kete upya kwa utulivu na kumpongeza mwenziwe, hahitaji mahubiri marefu.

Kanuni ya mwisho ya klabu yafaa iandikwe kwenye jalada la daftari. Kabla ya kuzilaumu dado, mchezaji ataje kwanza hatua moja yake mwenyewe ambayo angeicheza kwa njia nyingine. Asiyeiona hata moja, na azipange kete tena.